Posa Iliyokuja na Mji

Mwanamke mwenzangu, mchumba wako akipenda pombe utapambana na pombe, na akipenda wanawake utawajua kwa majina. Wangu alipenda mji. Niambie, mtu anaanzia wapi kugombana na mji?

Unaitwa Haverley, uko Uingereza. Mimi Theresia sikuwahi kuukanyaga, lakini tangu Ladislaus arudi kutoka huko mwezi wa Septemba, mwaka ule wa 2009, nilikuwa naujua kuliko mtaa wetu wa Rissne, hapa Stockholm. Nilijua soko lake liko katikati, kwenye uwanja wa mawe, Jumatano na Jumamosi, na kwamba limekuwa hapo miaka mia nane tangu mfalme fulani alipowapa ruhusa ya kuuza na kununua. Nilijua kengele ya kufungua soko inapigwa hata mvua ikimwagika. Nilijua nyumba zake za mbao nyeusi na chokaa nyeupe zimeinama kuelekea barabarani kwa uzee, na kwamba muuza jibini anakuonjesha kabla hujasema unataka. Nilijua mpaka bata wa chini ya daraja. Mtu mzima, fundi wa lifti anayeheshimika, anakupigia simu ukiwa kazini unamlisha uji bibi wa watu, ili akueleze habari za bata.

Alikuwa amepelekwa huko na kampuni yake kwenye mafunzo ya wiki chache. Mafunzo yenyewe yalikuwa kwenye jiji la jirani, ila walilazwa Haverley kwa sababu nyumba za wageni za jijini zilijaa. Basi akarudi amebadilika. Nilimuuliza mara moja, fundi wa lifti atafanya nini kwenye mji usio na ghorofa ya tatu? Akacheka, akasema hospitali ya lile jiji la jirani ina lifti kumi na mbili, na kwamba mchana angefanya kazi jijini na jioni angerudi sokoni. Akasema "angerudi" kama mtu ambaye tayari mguu mmoja uko kule. Roho iliniuma.

Na usidhani sikumpenda. Ningekuwa simpendi ningepata usingizi. Tulikutana stesheni ya treni ya Rissne, chini ya ardhi kule ambako kuta zote zimeandikwa historia ya dunia, toka zama za kale mpaka juzi. Watu wote hupita mbio. Yeye alikuwa amesimama anasoma, treni ya kwanza ikaja ikaondoka, ya pili ikaja ikaondoka, na mimi nikabaki nimemtazama mpaka aliponigeukia na kunieleza kwa Kiswahili, bila hata kujua kama nakijua, kwamba hapa katikati pana kosa dogo la kuchora. Alikuwa na macho ya upole ambayo yakikutazama unasahau ulichotaka kusema. Majira ya baridi alinichukulia glavu zangu, akaziweka juu ya kipasha joto mpaka ziive, ndipo anivalishe. Mwanaume wa namna hiyo unamwachaje kwa sababu ya bata?

Lakini kuna siku ilinikaa kooni. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi, kuanzia Januari. Miaka yote tangu nimalize shule nilikuwa msaidizi kwenye nyumba ya wazee, nageuza watu vitandani, naosha, nalisha, huku wauguzi wakipita na vidonge vyao na maamuzi yao. Nafasi ile niliitafuta kwa machozi. Nikamwita Ladislaus kwenye mkahawa pale Sundbyberg ili nimwambie uso kwa uso. Nikamwambia. Akatabasamu, akanishika mkono, akasema safi sana mpenzi wangu, hongera. Halafu akatoa simu akanionyesha picha ya saa ya kanisa la Haverley. Inachelewa kidogo, akasema, na hakuna anayeirekebisha kwa sababu mji mzima umeshaizoea. Kahawa yangu ikapoa mbele yangu.

Nyumbani, mtu pekee aliyekuwa upande wangu alikuwa shangazi yangu, Clementina, dada wa baba, aliyenilea. Shangazi hakutaka hata kulisikia jina la mji huo. Alisema hawezi kumtoa mwanawe aende kwa wazungu wengine wakati hawa wa hapa ndio kwanza tumeanza kuwazoea. Alisema yeye ni mjane, presha inapanda na kushuka, na nani atamkimbiza hospitali, kaka yake aliyekufa? Alisema posa ije, lakini masharti yake atayaweka mwenyewe mezani, na sharti la kwanza ni kwamba Theresia haondoki Stockholm. Nilimkumbatia shangazi siku hiyo. Nilijua vita yangu imepata jemadari.

Posa ikaja Jumamosi moja ya Novemba, saa tisa alasiri, giza limeshaanza kuingia kama kawaida ya nchi hii. Kwetu mposaji huwa haji mwenyewe, wanakuja wazee wake. Lakini Stockholm wazee utawatoa wapi? Ladislaus hana hata binamu hapa. Ikabidi aje naye, kwa makubaliano kwamba ataketi pembeni na hatafungua mdomo hata akiulizwa anakunywa nini. Wa kusema alikuwa mshenga wake, na mshenga mwenyewe alikuwa Kambale, dereva wa basi, Mkongo kutoka Butembo, mtu mwema mwenye sauti ya kuhubiri, ambaye hakuwahi kuwa mshenga wa Watanzania hata siku moja.

Mimi nilifungiwa chumbani, kama inavyotakiwa. Mwari haketi sebuleni akipimwa. Anasubiri aitwe, aulizwe swali moja tu mbele ya wageni, swali la kwetu sote: hawa wageni unawafahamu? Akisema anawafahamu, posa imepokelewa. Hakuna zaidi. Basi nikakaa kitandani na gauni langu la kitenge, mlango nimeuacha wazi kidogo, masikio yote yako sebuleni.

Hodi zikapigwa, karibu zikajibiwa. Shangazi akaleta senene, wale panzi wa kukaanga, aliotumiwa kutoka Bukoba, ambao hatoi kwa mtu ovyo, na moyo wangu ukashtuka kidogo kwa ukarimu ule. Salamu ziliisha. Kambale akasafisha koo. Nilisubiri asikike akisema wameona ua kwenye bustani hii, au wamekuja kuomba jiko, maneno yale ya kawaida. Badala yake nikasikia kompyuta inafunguliwa.

"Mama Clementina," akasema Kambale, "vraiment, kweli kabisa, ile muji iko muzuri sana. Angalia tu."

Sikuamini. Nikasogea mlangoni. Ladislaus alikuwa amemwelekeza Kambale kwamba kikwazo pekee cha mama ni umbali, kwa hiyo ausifie mji kwanza, na Kambale, mtu wa kutimiza anachotumwa, akausifia mji mpaka mimi nikasahaulika. Hajawahi kufika Uingereza maishani mwake. Lakini alipita na shangazi kwenye picha moja baada ya nyingine kana kwamba amezaliwa pale uwanjani. Hili jengo lenye nguzo, mama, ndilo soko la zamani, juu walikuwa wanahukumu kesi na chini wanauza siagi. Huyu anauza viazi vyenye udongo wake, havikuoshwa wala kufungwa kwenye nailoni. Huyu anauza vitambaa kwa mita, unashika, unanusa, unaomba kupunguziwa. Hapa ni mgahawa wa chai, wanaleta vikate vya moto na krimu na jamu, na hakuna anayekufukuza ukishamaliza. Hawa ni ndege wa porini wamening'inizwa na manyoya yao nje ya bucha. Ngome hii ilibomoka zamani, sasa watu wanakwenda kukaa kwenye majani Jumapili baada ya kanisa.

Nilimsubiri shangazi wangu ampige breki. Jemadari wangu. Nikasikia anauliza kwa sauti ya chini kama kuku wa kienyeji wanapatikana.

Wanapatikana, akasema Kambale.

Na wanaruhusu kupunguziana bei kweli? Wanaruhusu. Na kanisa la Kikatoliki lipo? Lipo, dogo, padri wake anaendesha baiskeli. Shangazi akaomba arudishiwe picha ya vitambaa. Nikachungulia. Alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea, ameisogelea ile kompyuta, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliye sokoni Bukoba mjini siku ya Jumamosi, anatafuta ndizi nzuri. Mwanamke huyu amenunua ndizi zilizofungwa kwenye nailoni kwa miaka ishirini. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa pamoja. Akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba mtu akienda kutembea tu, kusalimia wanawe mara mbili kwa mwaka, mbona si vibaya. Wanawe. Posa haijafika hata katikati, mimi nimeshahamishwa na yeye ameshapanga kuja kutembea.

Kambale akaona njia nyeupe, akakanyaga mafuta. Akasema mama asiwe na wasiwasi hata wa mahali pa kulala, kwani nyumba tayari iko, juu ya duka la mikate, vyumba viwili, dirisha linatazama soko. Ladislaus amekwisha kuichukua. Ufunguo uko kwake mfukoni, ulifika wiki iliyopita.

Nilishika fremu ya mlango. Ufunguo. Jumapili nzima tulikuwa pamoja, tulikula pamoja, alinipashia glavu, na ufunguo uko mfukoni.

Hapo ndipo shangazi akaniita. Nikatoka. Nilipiga magoti nikawasalimia wageni kama nilivyofunzwa, nikainuka. Ladislaus alikuwa pembeni karibu na dirisha, amevaa suti ya bluu na tai niliyomnunulia mimi, ananitazama kwa yale macho yake. Mbele ya yale macho ndipo mara zote ninaposhindwa. Safari hii nikayatazama bila kupepesa mpaka yeye akashusha yake.

"Theresia mwanangu," akasema shangazi, na sauti yake ilikuwa laini kupita kiasi, "hawa wageni unawafahamu?"

"Mzee Kambale namfahamu," nikasema. "Na ule mji kwenye kompyuta naufahamu kuliko unavyojifahamu wenyewe. Huyu wa kwenye dirisha ndiye simfahamu."

Kambale akashusha senene aliyekuwa ameshamfikisha mdomoni. Shangazi akanikazia macho, akasema nijibu swali kama linavyojibiwa. Nikasema ndivyo ninavyolijibu. Mtu ninayemfahamu mimi asingechukua nyumba kwenye nchi nyingine bila kuniambia, halafu anitume niitikie kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Ladislaus akafungua mdomo. Shangazi akamnyooshea kidole, akamkumbusha kwamba mposaji haongei. Ladislaus akaongea hata hivyo.

"Theresia, nisikilize kidogo," akasema. "Nakaa Norsborg, ng'ambo ya jiji, mwaka wa tisa huu. Jirani yangu wa mlango wa pili huchungulia kwenye kitundu cha mlango kabla ya kutoka. Akiniona kwenye korido, anasubiri nipite. Ninamsikia anavyopumua nyuma ya mlango. Kule Haverley kuna kichochoro cha kwenda sokoni, chembamba, mkikutana lazima mmoja ajibanze ukutani, na ukijibanza hamuwezi kutosema kitu. Kuna mzee alinipisha akanisalimia. Kesho yake akaniuliza jina. Siku iliyofuata akaniita nalo, mbele ya watu, sokoni. Sikupenda nyumba za zamani. Nilipenda kuitwa."

Ningesema sikuguswa ningekuwa mwongo. Miezi yote ile alinieleza bata na saa na jibini, na hakuna hata siku moja aliyonieleza hilo. Nikatamani kumwendea palepale nimshike uso. Lakini hasira ilikuwa bado imesimama katikati yetu, na ilikuwa na haki yake.

"Na mimi umeniita lini?" nikamuuliza. "Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikaambiwa Ijumaa kwamba Jumapili napanda ndege kuja Sweden. Sikuulizwa. Shangazi akanichagulia kazi ya wazee, akasema haikosi. Sikuulizwa. Nikaitafuta nafasi ya kusoma mwenyewe, kitu cha kwanza nilichokichagua kwa kichwa changu, nikakuletea wewe wa kwanza, ukanionyesha saa ya kanisa. Sasa umenichukulia nyumba. Wewe, Ladislaus, huna tofauti na ndege ile."

Shangazi alivua miwani. Nadhani ilimpata naye, maana alianza kuifuta kwa ncha ya kitenge na akaifuta muda mrefu. Halafu akasimama, na aliposimama alikuwa tena shangazi ninayemjua. Akasema posa hii imeharibika. Mposaji ameongea, mwari amejibu asivyoulizwa, na posa ikiharibika haishonwi hapohapo kama nguo, wageni wanaondoka. Kambale akainuka akaanza kuomba radhi kwa Kifaransa. Shangazi akamwambia yeye aketi amalize senene wake, kwani chakula hakina kosa.

Ladislaus hakubishana. Alikuja mezani, akaifunga kompyuta taratibu. Akatoa ufunguo mfukoni, ufunguo mkubwa wa zamani wa chuma, akauweka juu ya kompyuta. Akanitazama mara moja tu, akachukua koti lake, akatoka. Nikasikia mlango wa nje ukijifunga.

Nilikuwa nimeshinda, na sikuwahi kujisikia vibaya vile. Nilisubiri nisikie lifti ikipanda kumchukua. Niliwaza treni itakavyomtoa Rissne na kumpitisha mbele ya ukuta ule wenye kosa la kuchora. Niliwaza glavu zangu. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya watu, na Kambale kwa adabu akajifanya anatazama pazia.

Lifti haikuja. Badala yake tukasikia mlangoni:

"Hodi."

Shangazi akanitazama. Mimi nikamtazama shangazi. Kila hodi ya nyumba ile, tangu nifike, aliyeijibu ni yeye. Hakujibu. Akakaa chini, akaweka mikono magotini.

"Hodi," ikasikika tena.

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu anaondoka na hana anachodai. Nikainuka. Nilipita korido yetu nyembamba, viatu na makoti pembeni, mpaka mlangoni, nikaweka jicho kwenye kile kitundu kama Msweden. Alikuwa amesimama wima, mikono mitupu, tai imepinda kidogo. Alinisikia, nina hakika, maana na mimi nilikuwa napumua kama yule jirani yake. Halafu taa ya ngazi ikazima yenyewe, kama zinavyozima, na sikumwona tena.

Hodi ya tatu aliisema polepole sana, gizani.

"Nani?" nikauliza.

"Ladislaus."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Mji nimeuacha mezani kwenu."

Nikauma mdomo nisicheke, maana nilikuwa bado nalia. Nikamuuliza amekuja kufanya nini.

"Kukuuliza swali," akasema. "Theresia, wewe unataka kuishi wapi?"

Unajua, majibu yote ya ukali nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyakusanya tangu Septemba. Hakuna hata moja lililofaa, kwa sababu yote yalikuwa majibu ya mtu asiyeulizwa. Nikaegemeza paji la uso mlangoni, nikatafuta jibu. Yeye hakuniharakisha.

"Nataka kusoma," nikasema mwishowe. "Hapa. Miaka mitatu. Baada ya hapo sijui, Ladislaus. Labda huko kwenye soko lako, labda hapahapa. Soko limekaa miaka mia nane, halitahama nikisoma mitatu."

"Halitahama," akasema. "Nyumba nitairudisha Jumatatu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa hapa. Na ukimaliza nitakuuliza tena."

"Utaniuliza mimi. Siyo shangazi."

"Wewe."

Nyuma yangu, sebuleni, nikamsikia shangazi akimnong'oneza Kambale kama kwenda kutembea tu siku za soko, bila kuhamia, bado kunawezekana. Kambale akamwambia ngoja kwanza, mama. Nikafungua kufuli. Mwanga wa nyumba yetu ukamwangukia usoni, na nikaona kwamba naye alikuwa ameloa mashavu, mwanaume mzima na suti yake. Tulitazamana pale kizingitini, hakuna aliyegusa mwenzake, na nilihisi nimemtazama kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Theresia," shangazi akaita kutoka sebuleni, kwa sauti ile rasmi ya posa, "huyo mgeni aliyeko mlangoni unamfahamu?"

Ladislaus akanyoosha tai yake. Alisubiri.

"Namfahamu, shangazi," nikasema. "Karibu ndani."